Waya Uliosamehewa

Hosteli ya Wanawake
11 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua utaanza kwa kusema barua imechelewa na mwandiko umeharibika, basi nakubali yote mawili kabla hujakohoa. Mimi mzima. Mafua yamekwisha, na lile sweta ulilonifumia limefanya kazi yake, ingawa mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Usibishe, nimeupima. Najua pia kwamba unamsomea Baba barua zangu kwa sauti, kwa hiyo: Baba, shikamoo. Macho yanaonaje? Na moyo je? Dawa unameza, au unazificha shavuni mpaka Shangazi ageuke?

Uliniuliza tunatengeneza kitu gani hasa, ili ukiulizwa kazini usibaki kusema "mambo ya kompyuta." Ni chipu. Ni kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ndani kimejaa nyaya ambazo jicho halizioni. Hatuzishiki kwa mkono. Tunaziandika kwenye kompyuta, waya mmoja mmoja, halafu faili linatumwa kiwandani. Kiwanda kikishaichoma chipu, imetoka hivyo. Wewe sketi ikipinda unafumua. Sisi hatuna cha kufumua.

Kwenye mradi wetu wa mwaka wa mwisho tuko watatu. Kiongozi ni msichana tunayemwita Kiranja, maana anaandika majina ya waliochelewa hata kama aliyechelewa ni mwalimu. Wa pili ni mvulana tunayemwita Njia Fupi, naye jina lake linajieleza. Wa tatu ni mimi, kichwa ngumu wako.

Chipu yetu itakaa ndani ya bangili ya mgonjwa wa moyo na kusikiliza mapigo yake. Ili betri isiishe haraka, sehemu kubwa ya chipu inalala, na sehemu ndogo inabaki macho. Mapigo yakivurugika, ile ndogo inaiamsha ile kubwa, na kubwa inapiga kengele. Waya unaobeba amri ya kuamsha nimeuandika mimi, na kwenye timu yetu aliyeandika waya ndiye anayeupa jina. Nimeuita "baba." Nani mwingine aliyekuwa akigonga mlango wangu kwa kijiko cha chai mpaka niamke niende shule?

Kabla ya kutuma, kompyuta inakagua kila kitu na kutoa maonyo. Ni maelfu, na mengi hayana maana. Kila onyo ama unalirekebisha ama unalisamehe. Ndivyo tunavyosema, kusamehe. Onyo likishasamehewa, kompyuta hailitaji tena maishani.

Sasa kaa chini. Kampuni inayotudhamini inataka bangili zijaribiwe kwa wagonjwa wa kliniki ya hapo kwenu mwaka huu huu. Nimeandikisha jina la Baba. Usinigombeze, nimefanya kwa furaha.

Mtoto wenu,
Kichwa Ngumu


Nyumbani
2 Machi

Kichwa Ngumu,

Marahaba. Mikono ya sweta iko sawa, mabega yako ndiyo yamepishana, kwa sababu ya kubeba mabegi upande mmoja. Sisi hatujambo. Karakana imepata kazi ya sare za shule tatu kwa mpigo, na mguu wangu wa kulia umeanza kukanyaga hata nikiwa nimelala. Msimamizi ametuletea cherehani ya umeme, nimeikataa. Inakimbia kuliko mawazo yangu.

Baba yako nimemsomea barua mara mbili, na mara ya pili alikuwa ananitangulia maneno. Ile habari ya waya wenye jina lake imempanda kichwani. Ameshawaambia muuza magazeti, kinyozi na yule jirani yetu anayekuja kukaa naye mchana nikiwa kazini. "Mimi nimo ndani ya mashine," anasema, kama mtu aliyechaguliwa ubunge. Macho yanazidi kufifia, mtoto wa jicho anakomaa taratibu. Moyo una siku zake. Wiki iliyopita alipanda ngazi akabaki katikati ameshika ukuta, nikamkuta na jirani wakijifanya wanaongea habari za rangi.

Kuhusu kumwandikisha, alikuwa amekubali kabla sijamaliza sentensi. Mimi sikuulizwa, na nimezoea. Ila hilo neno lenu la kusamehe limenichekesha. Mimi nikimsamehe mtu namkumbusha kila siku mpaka mmoja wetu afe. Kompyuta yenu ina roho nzuri mno.

Soma, na ule. Simu usipige ovyo, unajua baba yako anavyoninyang'anya halafu anakuuliza hali ya hewa mpaka salio linakwisha.

Shangazi yako


Hosteli
19 Julai

Shangazi na Baba,

Shikamooni. Mnisamehe kwa ukimya. Tangu Machi sikuwa mtu, nilikuwa kidole cha kubonyeza. Chakula ninakula, nywele nimekata zote kwa sababu sikuwa na muda wa kuzichana, na tafadhali Shangazi usipige kelele.

Chipu zimerudi kutoka kiwandani na zinafanya kazi! Tuliweka moja mezani, tukaiunganisha na kifaa kinachoiga mapigo ya moyo, tukayavuruga mapigo, kengele ikalia. Kiranja alilia machozi, na yeye huwa halii. Mwalimu wetu wa mradi alituletea soda. Njia Fupi alicheza juu ya kiti mpaka kiti kikavunjika.

Na alistahili kucheza, nikisema kweli. Siku ya kutuma faili tulikuwa tumebaki na maonyo mamia, mimi na Kiranja macho yamevimba, na lango la kupokea faili lilikuwa linafungwa jioni ile. Njia Fupi akasema, "Nendeni mkanywe chai, hayo niachieni." Tuliporudi na vikombe alikuwa amemaliza. Hatukumuuliza amefanyaje. Kiranja aliweka sahihi, nami nikaweka yangu.

Kampuni imeshaziingiza chipu kwenye bangili. Watu wa kliniki watampigia Baba mwezi ujao aende akavalishwe. Baba, taa ya kijani ikiwaka ujue iko kazini. Ukisikia inalia, keti chini ulipo na umwite mtu. Kuna karatasi ya maelezo, inasema bangili iko kwenye majaribio na msiitegemee peke yake. Shangazi amsomee yote, asiruke.

Wenu,
Kichwa Ngumu


Nyumbani
6 Septemba

Mwanangu,

Habari za masomo? Sisi wazima, tunakula na kulala. Nywele nimezipigia kelele hapa hapa, kwa hiyo nimemaliza. Karakana imemwachisha kazi fundi mmoja, lakini si mimi. Mtoto wa msimamizi ameoa, na suti ya bwana harusi niliishona mimi, japo sifa amepewa mwingine.

Bangili iko mkononi mwa baba yako tangu mwezi uliopita, na nyumba imepata bosi mpya. Anainyoosha kwa kila anayeingia. "Hii ni akili ya mwanangu." Kinyozi ameionyeshwa mpaka amechoka. Usiku analala mkono nje ya shuka ili nikipita niione taa, nami kweli nikiona kijani nakwenda zangu kulala. Sijalala hivyo tangu alipougua.

Amebadilika. Anakwenda sokoni peke yake kwa fimbo, anapanda ngazi, anaoga mlango umefungwa. Yule jirani amemwambia kwa heshima zote asijisumbue tena, maana mlinzi anaye. Jirani alinuna kidogo, akaja akazoea. Nilibisha. Akaniuliza, "Humwamini mtoto?" Hapo utamjibu nini?

Juzi alijikwaa kidogo bafuni. Si jambo, sakafu ilikuwa na maji. Ana mkwaruzo kwenye paji la uso na amekataa plasta. Nakuandikia tu ili usije ukasikia kwa wengine.

Soma kwa bidii, mitihani si mbali.

Shangazi yako


Hosteli
20 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi sijambo.

Alipojikwaa, bangili ililia?

Naomba unijibu hilo kwanza. Halafu: aliteleza, au alianguka kisha akasema ameteleza? Anakumbuka kuanguka kwenyewe? Mlimkuta anatoka jasho? Alikaa chini muda gani kabla hujafika?

Usishtuke, ni mambo ya ripoti tu. Tunaandika ripoti ya mwisho na kuna maonyesho makubwa ya miradi mwezi wa kumi na moja, kampuni italeta wageni wake. Jumanne nilikuwa napitia ukaguzi wetu wa zamani ili nijaze ukurasa mmoja uliobaki wazi. Basi nimechoka, na mtu akichoka anaona mambo.

Mwambieni jirani arudi. Mwambieni ni mimi ninayeomba. Baba, nakuomba uache kufunga mlango wa bafu.

Kichwa Ngumu


Nyumbani
8 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako fupi kama risiti. Nimemsomea baba yako akauliza, "Imeishia hapo?" Nikalazimika kuongeza salamu zangu mwenyewe nikasema ni zako.

Sisi salama. Umeme umekatika kwa vipindi wiki nzima, na waliokubali cherehani za umeme wamekaa wakitazamana huku mimi nashona. Nimefurahi zaidi ya inavyoruhusiwa. Chumba chako nimekipaka rangi upya. Ni rangi ya maziwa, kwa sababu baba yako anadai ndiyo anayoiona vizuri.

Maswali umeniuliza kama askari. Alijikwaa, akainuka, akanywa chai, yakaisha. Mkwaruzo umepona. Taa ilikuwa kijani muda wote, hilo nakuapia. Niliitazama mwenyewe. Jirani amepata shughuli nyingine mchana, lakini mimi siku hizi narudi mapema.

Unisamehe kwa hiyo mistari miwili niliyoifuta hapo juu, kalamu ilikuwa inavuja.

Una mitihani na maonyesho. Yako yanakutosha, ya huku niachie mimi. Baba yako ameagiza nikuandikie kwamba siku ya maonyesho atavaa koti, hata kama atakuwa amekaa hapa hapa sebuleni.

Shangazi yako


Hosteli
17 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za koti. Huku jua ni kali na tumeanza kuandaa meza yetu ya maonyesho. Kiranja ameleta kitambaa cha bluu, Njia Fupi amekimwagia gundi. Mwalimu anasema meza yetu itakaa karibu na mlango ili wageni waanze na sisi. Nakula vizuri. Nywele zinaota. Ukurasa unaofuata ni mambo ya kike, Shangazi asome peke yake.

Shangazi, hapa usisome kwa sauti. Kama baba yupo, ingia jikoni.

Mvue bangili leo. Mwambie betri imeharibika, mwambie kampuni imeiomba, mdanganye utakavyo. Ningepiga simu, lakini angekunyang'anya.

Haiamki. Si kila mara, na hapo ndipo ubaya ulipo. Ile sehemu inayolala na ile iliyo macho hazitembei kwa mwendo mmoja, na amri ya kuamsha ikifika wakati mbaya inapotea njiani, kama mtu aliyegonga mlango mara moja na kuondoka. Kengele hailii. Lakini taa haihusiani na hayo, taa inasema tu kwamba betri ipo. Kwa hiyo inabaki kijani. Tumeijaribu mezani, wiki tatu sasa. Mara nyingi inaamka. Mara nyingine mapigo tunayaua kabisa, na yenyewe inakaa inawaka kijani mbele ya macho yetu.

Kompyuta ilituonya. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, ilituonya. Tulikuwa na nyaya mamia zisizo na kazi, tulizoziweka kama akiba, na zote tulizipa majina yanayoanza na "bandia." Njia Fupi hakutaka kuzisamehe moja moja. Akaandika "ba" halafu akaweka nyota. Nyota kwa kompyuta maana yake ni chochote kinachofuata. Ba, na chochote. Bandia zote zikasamehewa, na "baba" akasamehewa pamoja nazo. Ndiyo maana hatukuliona tena lile onyo. Ningeuita waya ule "shangazi," leo usingekuwa unasoma haya.

Simgombezi Njia Fupi. Amekonda, hachezi tena. Kiranja anasema tusubiri maonyesho yapite, kisha tuieleze kampuni kwa utaratibu, kwa barua, tukiwa na shahada mkononi. Mwalimu anasema vivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi. Mimi nimekubaliana nao. Nimeomba kitu kimoja tu, Baba avuliwe.

Sasa niambie ukweli. Bafuni, ililia?


Nyumbani
29 Oktoba

Mwanangu,

Haikulia.

Nilimkuta sakafuni, amelala ubavu, midomo imebadilika rangi, maji yanamtiririkia. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi, nilikuwa nimeketi sebuleni napinda mikunjo ya sketi huku nasikia bomba. Nikamshika mkono kutafuta mapigo, taa ya kijani ikanimulika usoni. Nikajiambia, kama kungekuwa na hatari ingelia. Nikajiambia ameteleza. Alipoamka yeye mwenyewe akasema ameteleza, tukashikilia hapo wote wawili. Sikukuandikia kwa sababu ya mitihani. Ile kalamu haikuvuja. Niliandika "haikulia" nikaifuta. Kama ningeiacha, ungejua mapema na ungesema mapema, na hilo nitaishi nalo.

Lakini kuna zaidi. Nilifungua barua yako mbele yake kama kawaida, nikamsomea habari za kitambaa na gundi, akacheka. Nikageuza ukurasa na macho yakanitangulia. Nikanyamaza. Nilitaka kuinuka niende jikoni kama ulivyosema.

"Kaa," akasema. "Soma."

"Ni mambo ya kike, kaka."

"Tangu lini mambo ya kike yakakukata sauti wewe? Soma."

Mwanangu, mimi si mwongo hodari. Nikasoma. Yote, mpaka nyota. Alisikiliza kichwa amekiinamisha. Nilipomaliza nikashika mkono wake nimvue, akaurudisha kifuani.

"Wangapi tumevaa hizi?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui, kliniki nzima, mimi nitajuaje.

"Yule mama mwalimu mstaafu tunayekaa naye foleni kliniki anayo. Anaishi na binti yake anayeshinda kazini. Amemwambia binti asihangaike kurudi mchana, bangili ipo. Nilimsikia akimwambia, na mimi nikaitikia kwamba kweli, kaitengeneza mwanangu." Kisha akasema: "Mwandikie huyo mtoto. Asiniokoe mimi kwa siri. Nitavua siku wenzangu watakapoambiwa wavue. Kabla ya hapo sivui."

Nimelia, nimemfokea, nimemwita majina ya utotoni ambayo hayasemeki mbele ya watu. Mkono amekaza. Nimerudisha kazi za karakana nyumbani, nashona nikiwa nimemkodolea macho. Nilitaka kwenda kliniki kusema mwenyewe, akanikataza. Anasema lisemwe na wewe, kwa kinywa chako, la sivyo utalibeba maisha yako yote.

Nimekuandikia alivyosema. La kwangu ni moja, fanya haraka.

Shangazi yako


Hosteli
8 Novemba

Shangazi,

Barua yako nimeipata jana. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido, nikakaa chini pale pale watu wakaanza kunizunguka.

Baba asifanye hivi. Mwambie siwezi kufikiri nikijua anayo mkononi. Mvue akiwa amelala, kata mkanda kwa mkasi wako wa kazini, akiamka atagomba na yatapita.

Nilijaribu. Mtu wa kampuni alikuja kukagua meza yetu, nikamfuata mpaka mlangoni. Akageuka, akaniuliza kama nina swali. Nikamuuliza kama atahitaji kiti cha ziada kwa ajili ya wageni. Shangazi, nilisikia sauti yangu ikiuliza habari za kiti.

Maonyesho ni wiki ijayo. Yakipita tu nitasema, naapa, hata Kiranja akikataa nitasema peke yangu. Nikisema sasa wanatufutia mradi wote watatu, na Njia Fupi ni wa kwanza kwao kufika chuo, mama yake ameshafunga safari kuja kumwona. Bangili zimevaliwa miezi mitatu sasa na hakuna aliyekufa. Wiki moja zaidi. Naomba hiyo wiki moja tu.

Kichwa Ngumu


Nyumbani
23 Novemba

Mwanangu,

Kliniki ilipiga simu Jumatatu asubuhi. Muuguzi alisema bangili zote zivuliwe na kurudishwa, kwamba mwanafunzi mmoja ameeleza kasoro mbele ya wageni baada ya maonyesho. Ndivyo tulivyojua umesema. Baba yako aliniomba nirudie hayo maneno, "mbele ya wageni." Akanyoosha mkono mwenyewe, nikamvua, nikaiweka mezani. Mkono ulikuwa na alama nyeupe chini. Akaupapasa, akasema anauona mwepesi.

Kisha akachukua simu akamuuliza muuguzi, "Na yule mwalimu mstaafu, mmempata?"

Muuguzi akasema wamempata binti yake.

Alifariki katika ile wiki uliyoomba. Mchana, kwenye kiti chake karibu na dirisha. Binti alirudi kutoka kazini akaona taa ya kijani, akadhani mama amesinzia, akaingia kupika taratibu asimwamshe. Alimwita chakula kilipokuwa tayari.

Tulikwenda msibani jana. Baba yako alivaa lile koti alilotaka kuvaa siku ya maonyesho. Hawajaambiwa chochote pale, mwanangu. Kliniki imewaambia bangili zinakusanywa, basi, nao wameirudisha ikiwa imefungwa vizuri kwenye leso. Yule binti alitushukuru kwa kufika. Akatusimulia kwamba mama yake alikwenda kwa amani, kwa sababu kama angeteseka bangili ingelia, na haikulia. Hilo ndilo linalompa nguvu, anasema. Alilirudia kwa kila aliyeingia. Baba yako alikuwa amekaa mkabala naye, macho yameelekea sakafuni, mikono juu ya fimbo. Nilidhani atasema. Hakusema. Njiani alinishika bega akatembea kama mzee kweli, jambo ambalo hajawahi kukubali.

Nilimuuliza mbona alinyamaza. Akasema si lake kusema, na si langu.

Barua zako mbili zilizofika wiki hii sijazifungua. Amenikataza. Anasema hataki kusomewa tena, anataka uje. Usifikie hapa nyumbani kwanza, atakungoja kituoni na fimbo yake, mwende moja kwa moja mpaka mlangoni kwa yule binti. Utabisha hodi wewe, na utasema wewe. Yeye atasimama pembeni yako, ila hatakusaidia neno hata moja.

Chumba chako kiko tayari kwa baadaye.

Shangazi yako